Jina la Nyanjige Juu ya Jalada

Mzigo ulirudi siku ya Alhamisi, umefungwa kwenye karatasi ile ile ya kaki. Utingo wa basi la Mwanza akausukuma mikononi mwa Nyanjige kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima akakuta inavuja.

"Mayu, mama yangu, mzigo wako huu tena," alisema. "Hivi huko Mwanza hawali michembe?"

Watu wa stendi wakacheka. Walimjua kama muuza michembe wa soko la Bariadi, na hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba ndani ya karatasi ile kulikuwa na kitu kingine zaidi ya viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani. Nyanjige aliweka mzigo chini ya kwapa akaondoka akiwa amenyoosha shingo, kama mwanamke anayejua kwamba anatazamwa mgongoni.

Ndani ya karatasi kulikuwa na madaftari sita. Alikuwa ameyaandika mwenyewe kwa muda wa miaka minne, kwa herufi kubwakubwa zilizoegemeana. Shule hakuwahi kuingia hata siku moja. Baba yake, Bujiku, alisema ng'ombe wana faida zaidi wakichungwa kuliko binti akisoma, na mambo yakaishia hapo. Herufi alizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, akiwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Mwalimu wa kisomo alitaka wajifunze kusoma maelekezo ya dawa ya pamba. Nyanjige akajifunza hayo, kisha akaendelea peke yake mpaka akaweza kuandika maneno yaliyokuwa yakimchoma kifuani.

Na yalikuwa mengi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mke wa Jilala, na Jilala alikuwa ningi, yaani kiongozi wa waimbaji katika ngoma za mashindano. Kuanzia Bariadi hadi Magu, kuanzia Mkula hadi Mwanhuzi, mtu akimtaja Jilala watu wanaanza kutikisa mabega. Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba nyimbo zote zile zilitungwa jikoni kwa Nyanjige. Jilala alikuwa na sauti, kifua, na ujuzi wa kuvaa manyoya ya mbuni. Maneno hakuwa nayo. Jioni alikuwa akikaa kwenye kigoda, Nyanjige anasonga ugali na kumwimbia ubeti mmoja mmoja mpaka aushike. Asubuhi Jilala anatoka, anaenda kuwa mwenye akili.

Halafu akaoa msichana wa kijiji cha Lingeka. Hilo peke yake Nyanjige angelimeza, wanawake wengi wamelimeza. Lakini siku alipomwambia Jilala kwamba amechoka kumlisha maneno, Jilala alifunga lango la boma kwa miiba akamwacha nje na nguo zake, akawaambia majirani kwamba mwanamke yule hana faida tena. Hana faida! Na mwaka huo huo alishinda mashindano matatu kwa nyimbo za Nyanjige.

Ndiyo maana Nyanjige aliandika kitabu. Ndani yake aliweka maisha yake, na aliweka nyimbo, kila moja pamoja na siku iliyotungwa na chakula kilichokuwa jikoni siku hiyo. Juu ya daftari la kwanza aliandika: *Nyanjige ng'wana Bujiku*. Alitaka jambo moja tu, jina lile lichapishwe juu ya jalada na lisomwe na watu.

Mwaka ulikuwa wa tisini na nne, na mjini Bariadi kila mtu alikuwa wakala wa kitu. Palikuwa na wakala wa sabuni, wakala wa mitumba, wakala wa sangara. Hata pamba, ambayo tangu zamani ilikuwa ya ushirika, ilikuwa imeanza kupata wanunuzi wenye magari yao. Kwa hiyo Nyanjige hakushangaa aliposikia kwamba Mwanza yupo wakala wa vitabu, bwana mmoja aitwaye Amoni, ambaye zamani aliajiriwa kusambaza vitabu vya shule. Sasa alikuwa na ofisi yake mwenyewe. Alipokea maandishi ya watu akayapeleka kwa wachapishaji wapya wa Dar es Salaam. Akawa kama mshenga. Nyanjige alijua kazi ya mshenga, akatuma madaftari.

Barua ya kwanza ilisema wachapishaji wanataka vitabu vya shule tu. Akasubiri, akatuma tena. Barua ya pili ilisema Kiswahili chake kimechanganyika mno na Kisukuma na kwamba mwandishi anashauriwa aongeze elimu. Hii ya Alhamisi ilikuwa ya tatu, na ilikuwa na mistari miwili: kazi imesomwa kwa makini, kwa bahati mbaya haifai.

Nyanjige alikaa chini uani kwake akafungua mzigo. Madaftari manne ya mwisho alikuwa ameyafunga pamoja kwa uzi wa pamba aliousokota mwenyewe, akapiga fundo ambalo mama yake alimfundisha la kufungia ndama. Mtu akilifungua hawezi kulifunga tena vile vile kama hakufundishwa. Aligeuza mzigo huku na huku. Fundo lilikuwa pale pale, halijaguswa.

"Imesomwa kwa makini," alisema peke yake. Kisha akacheka kicheko kibaya.

Sasa, mtu wa ofisini akikataliwa huandika, "Nashukuru kwa muda wako." Nyanjige hakujua adabu hiyo. Adabu aliyoijua ni ya uwanja wa ngoma, ambako ningi wa upande mmoja akikutukana wewe hunyamazi wala hulii, unamrudishia tusi zito zaidi lenye vina, watu wapate kuamua. Akadhani barua nayo ni hivyo. Akachukua karatasi akaandika:

*Amoni wa Mwanza, mwenye miwani miwili na macho hana hata moja. Umekula jalada ukasema umeshiba nyama. Fundo la ndama limekushinda, je, ng'ombe mwenyewe utamkamua? Mimi ndiye Nyanjige ng'wana Bujiku. Niliwafanya wanaume wacheze kabla wewe hujajua kufunga viatu. Jibu kama unaweza.*

Rafiki yake Generoza, aliyekuwa akileta dagaa kutoka Lamadi kila wiki, alisomewa barua ile akashika mdomo.

"Weee! Hiyo unaituma kwa mtu mwenye ofisi?"

"Yeye alinitumia yake."

"Nyanjige, hawa watu wanabembelezwa."

"Nimebembeleza mara tatu. Mikono imeniuma."

Barua ikaenda. Wiki mbili baadaye likaja jibu, na halikuwa la mistari miwili. Bwana Amoni aliandika kwamba alicheka mpaka karani wake akaja kuchungulia, kwamba amekiri kosa la fundo, na kwamba mama alete madaftari mwenyewe wazungumze.

Nyanjige akaenda Mwanza amevaa kitenge chake kizuri. Ofisi ilikuwa ghorofani, na nusu yake ilijaa kaseti za muziki, maana siku hizo bwana Amoni alikuwa ameanza kurekodi ngoma na kuziuza. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye miwani kweli, ingawa ilikuwa moja tu. Alimpa soda akamwomba amfungulie fundo, akasoma mbele yake kutwa nzima. Alipofika daftari la nne akaacha kunywa chai. Alipomaliza alifuta miwani.

"Mama, hiki ni kitabu," alisema.

"Najua."

"Nyimbo za Jilala zote humu! Na habari zake za ndani. Hiki nikikipeleka Dar kitachapwa." Akasogeza kiti. "Tatizo ni dogo. Nani anamjua Nyanjige?"

"Mimi najijua."

"Sawa, lakini msomaji? Jilala anajulikana. Kaseti zake ndizo zinazonilisha. Tukiandika juu ya jalada *Maisha ya Ningi Jilala*, kwa jina lake, kitaondoka chote. Wewe tunakuweka ndani, ukurasa wa kwanza: shukrani kwa mama Nyanjige kwa msaada wake."

Nyanjige aliweka soda mezani taratibu. Moyoni aliona lango lile likifungwa kwa miiba mara ya pili, na safari hii aliyelifunga alikuwa mtu mpole aliyempa kinywaji.

"Kwa msaada wangu," alisema.

"Usikasirike mama. Si mimi, ni soko. Siku hizi serikali haikuambii uchape nini, watu ndio wanaoamua. Na watu hawatasimama kumsikiliza mama muuza michembe. Hiyo ndiyo hali."

"Watu ndio wanaoamua?"

"Ndiyo."

"Basi kwetu kuna namna ya kuwauliza." Akaanza kufunga fundo lake. "Lini unakuja Bariadi?"

Bwana Amoni alisema anakuja baada ya mavuno ya pamba kumrekodi Jilala kwenye mashindano. Nyanjige akamwambia wataonana huko huko, akashuka ngazi na madaftari yake.

Mashindano ya kwetu hayana mwamuzi wa kupiga filimbi wala mtu wa kuandika alama ubaoni. Pande mbili zinaanza kucheza kwa wakati mmoja, huku na huku ya uwanja mmoja, na watu wanatembea. Anayewavuta wengi ndiye mshindi. Unaweza kuwa na ngoma nzuri kuliko zote, lakini kama migongo ya watu imekugeukia, umeshindwa, na kila mtu anaona.

Siku ilipofika, Nyanjige alimwendea mzee Machibya, msimamizi wa uwanja, akamwomba nafasi.

"Nafasi ya nini, mayu? Pande ziko mbili."

"Nataka nisimame upande wa tatu."

Mzee Machibya alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Una ngoma ngapi?"

"Sina."

"Wachezaji?"

"Sina."

"Dawa ya kuvutia watu je?"

"Nina madaftari."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akamwonyesha ghala la ushirika lililokuwa ukingoni mwa uwanja, lenye marobota ya pamba ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekuja kuyachukua. "Kasimame pale. Watakaokusikia ni panya."

Nyanjige akapanda juu ya jukwaa la mizani mbele ya ghala, na Generoza akakaa chini yake na beseni lake la dagaa, kama mtu aliyekuja kumzika rafiki yake kwa heshima. Upande wa mashariki Jilala alitokea na manyoya, na ngoma zake sita zikaanza. Upande wa magharibi wapinzani wake walitoka na chatu shingoni. Vumbi likapanda. Watu wakawa mamia. Karibu na Jilala, bwana Amoni alikuwa amesimamisha mashine yake ya kurekodi na kipaza sauti juu ya mlingoti mrefu wa chuma.

Nyanjige akafungua daftari la kwanza akaanza kusoma kwa sauti.

Kwa muda mrefu hakuna aliyekuja. Akapita mlevi mmoja akauliza anahubiri dini gani. Wakaja wasichana wawili wakacheka wakaondoka. Generoza akamwambia kwa chini, "Dada, tushuke, twende tukanywe uji," na Nyanjige akageuza ukurasa.

Walioanza kukaa ni akina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ghala lilikuwa na kivuli. Walikuja kunyonyesha. Mmoja akasikia habari za bibi harusi aliyeambiwa asitabasamu mbele ya mama mkwe, akaguna. Mwingine akasema, "Huyo kama dada yangu." Nyanjige alisoma Kiswahili, na alipofika kwenye wimbo aliuimba kwa Kisukuma, kwa sauti yake kavu isiyo na mapambo. Walipotambua nyimbo walianza kuulizana.

"Si wimbo wa Jilala huu?"

"Anasema aliutunga akimenya viazi."

"Mwongo huyo."

"Kaa kimya, nasikiliza!"

Upande wa mashariki Jilala alifika kwenye wimbo ambao watu walikuwa wakiungoja tangu asubuhi, wimbo wa ng'ombe wa Mkula. Kila mtu aliujua. Maksai aliyelima miaka mingi anauzwa mnadani, anakata kamba, anarudi nyumbani. Anauzwa tena, anarudi tena. Mara ya tatu anafika mbele ya lango analia, na wimbo unaishia hapo, ngoma zinapigwa kwa nguvu, watu wanalia na kucheka. Miaka saba wimbo ule ulikuwa unaishia langoni. Watu walidhani ndivyo ulivyo.

Nao haukuwa hivyo. Nyanjige alikuwa hajamaliza kumwimbia Jilala wimbo huo siku alipotolewa. Beti mbili za mwisho alitoka nazo, ndizo mali pekee ambazo Jilala hakujua kuzizuia.

Jilala alipomaliza ubeti wa tano na watu wakapiga kelele, Nyanjige alikuwa kwenye ukurasa ule ule. Akafunga daftari. Beti zile hakuhitaji kuzisoma.

*Aliyenitia nira ndiye ameleta miiba,*
*lango nililoburuta mbao zake limeninyima njia.*
*Silii ili nifunguliwe, enyi wa ndani, msijidanganye,*
*nalia mjue shamba hili limelimwa na nani.*

*Tazameni chini yangu, hesabuni matuta,*
*kila tuta lina kwato, hakuna lenye nyayo zake.*
*Nageuka sasa, mkia wangu ndio mtakaouona.*
*Msimu ujao mfungeni nira mwenye manyoya.*

Mama yule aliyemwita mwongo alisimama na mtoto wake titini akapiga kigelegele, na wenzake wote wakampokea. Kigelegele cha kike kikipigwa uwanjani si kitu kidogo. Watu wa pembeni mwa Jilala waligeuza vichwa. Wakaja kumi kuona kuna nini, wakaambiwa, "Wimbo una mwisho! Ng'ombe ana mwisho!" Wakapiga kelele kwamba arudie. Akarudia. Wakaja hamsini. Alipoimba mara ya nne, nusu ya watu wa Jilala walikuwa mbele ya ghala, wamempa migongo, na wapiga ngoma wake wawili walikuwa wananyoosha shingo kuangalia.

Jilala mwenyewe alikuja amevua manyoya, jasho linamtiririka.

"Nyanjige, unaniharibia uwanja."

"Uwanja ni wa watu wote."

"Hizo beti umezitoa wapi?"

"Zilikotoka zile tano."

Watu wakaangua kicheko. Jilala akashusha sauti. "Nipe tuelewane. Nitasema ulinisaidia."

"Kila mwanaume mwaka huu anataka kusema nilimsaidia. Rudi kwa watu wako, baba, wanakuishia."

Bwana Amoni naye alifika anahema. Kaseti yake ilikuwa imeharibika, imejaa vigelegele vya upande wa pili. Lakini alikuwa mfanyabiashara na macho yake yaliona. Alimvuta Nyanjige nyuma ya marobota.

"Mama, nimekubali. Kwa jina lako. Juu ya jalada, herufi kubwa."

Nyanjige akakaza kitenge chake kiunoni.

"Ila sura moja tuitoe," bwana Amoni akaendelea. "Ile inayosema nyimbo za Jilala ni zako. Nina mkataba naye wa kaseti, mama. Ukisema hivyo kwenye kitabu, ananitoroka. Zingine zote ziache, zinapendeza."

Kwa hiyo kulikuwa na jalada lenye jina lake, na ndani yake uongo ule ule. Nyanjige aliwaza juu yake kweli. Tusimsingizie kwamba hakuwaza. Alikuwa na miaka arobaini na sita, meno mawili yalikuwa yameshang'oka, na hakujua kama mtu mwingine mwenye ofisi angekuja tena kusimama mbele yake na kumwambia ndiyo.

"Bwana Amoni," alisema, "jina nitaliweka juu ya kitu gani ukishatoa hicho?"

"Juu ya kitabu."

"Utakuwa umebaki na karatasi. Nenda karekodi ngoma zako, jua linazama."

Akarudi kwenye jukwaa. Watu walikuwa wanamngoja, na kulikuwa bado na madaftari mawili.

Kitabu hakijachapwa. Nyanjige ametuma madaftari Dar es Salaam mara mbili, na Nairobi mara moja, na majibu yote anayo, ameyabandika ukutani juu ya kitanda ambako wengine hubandika kalenda. Siku za mnada anapanda lori la ng'ombe na kwenda kusoma, leo Mkula, wiki ijayo Mwanhuzi, akianza kila mara kwa jina lake na la baba yake. Wengine wanamsikiliza, na wengine wanamwambia awapishe wauze mbuzi.

Mwaka uliofuata mashindano yale, Generoza alirudi kutoka Lingeka, ambako Jilala alialikwa kuimba kwenye harusi kijijini kwa wakwe zake. Aliweka beseni chini hata kabla ya kusalimia.

"Dada, alianza wimbo wa ng'ombe, watu wakamkatiza. Wakasema imba wimbo wote, au sema ni wa nani. Alikataa. Wakazima ngoma, kweli, walizishika kwa mikono! Basi akasema. Akasema, ni wa Nyanjige ng'wana Bujiku."

Nyanjige alikuwa anapanga michembe kwenye mkeka. Aliendelea kupanga.

"Alisema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Nyimbo zangu ameziimba zaidi ya miaka ishirini," alisema Nyanjige, akageuza michembe upande wa pili ili ikauke. "Mara moja haitoshi."